Kauli Huazimwa, Haikopwi

Ukilichukua jembe la jirani ukalimie, umeliazima. Jioni unarudisha jembe lile lile na mpini wake ule ule, na kama umeuvunja, una kesi. Ukichukua kilo mbili za unga dukani kwa Mangi kabla mshahara haujatoka, umekopa. Mwisho wa mwezi hurudishi unga ule, maana ulishaliwa. Unarudisha thamani yake. Kiswahili kina vitenzi viwili kwa sababu kuna aina mbili za kuchukua: moja haikuruhusu kukimaliza kitu cha watu, nyingine inakuruhusu ilimradi ulipe.

Tofauti hii nimeihitaji kwa jambo lisilohusu jembe wala unga. Naandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu wafanyakazi wa mashamba ya mkonge wilayani Kilosa, na swali linalonisumbua si la kihistoria peke yake. Mtu anaposimama mbele ya mwajiri au mbele ya serikali akasema "sisi wafanyakazi", na wewe umo ndani ya hiyo "sisi", amechukua nini kutoka kwako? Ameazima kauli yako au ameikopa? Na kama aliikopa kisha akakulipa vizuri, una haki ya kulalamika?

Babu yangu mzaa mama alikuwa ndani ya hiyo "sisi". Alitoka Kasulu miaka ya 1950 akiwa kijana, akapanda treni na wenzake, akashushwa Kimamba kukata mkonge. Mkataba ulipoisha hakurudi. Nilipokuwa mdogo alikuwa akisimulia mambo ya shambani mara nyingi, na nilichelewa kugundua kitu kimoja katika lugha yake. Hakuwahi kusema "tulidai mshahara". Alisema "tuliongezewa". Kila senti iliyopanda katika maisha yake ya kazi ilipandishwa na mtu mwingine, mahali pengine. Hakusema hivyo kwa uchungu. Ndivyo alivyolijua jambo lenyewe.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu, ikapandwa upande wa Tanga. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyoifungua Kilosa kwa mashamba makubwa. Vita Kuu ya Pili ilipowanyima Waingereza katani ya Asia, mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Mashamba yalihitaji mikono kuliko ambavyo wenyeji walikuwa tayari kuitoa, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyoitwa SILABU. Ofisi hiyo ilikusanya watu kutoka mikoa ya mbali na kuwaleta kwa mikataba. Waliitwa manamba, kwa sababu walitambuliwa kwa namba.

Malipo yalikwenda kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, ambazo kibarua alitakiwa kuzimaliza ndani ya siku 42. Siku haikuhesabiwa kwa saa. Ilihesabiwa kwa kazi iliyokamilika, yaani idadi ya mafungu ya majani iliyowekwa kwa siku. Ukishindwa kuifikisha, siku hiyo haikuwa siku. Ndani ya utaratibu huu mtu angeweza kufanya kazi kuanzia alfajiri hadi saa nane na bado, kwa mujibu wa kadi, akawa hakufanya kazi. Katikati ya miaka ya 1950 zaidi ya watu 100,000 waliishi hivyo katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Hakukuwa na kundi kubwa kuliko hilo la watu wanaolipwa mshahara katika nchi nzima.

Swali la nani awasemee watu hao lilijibiwa mara tatu ndani ya miaka saba.

Jibu la kwanza lilitoka kwa waajiri. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walikuwa wameshagoma mwaka 1947, na chama chao kilivunjwa mwaka 1950 baada ya mgomo mwingine uliozaa vurugu. Mwaka 1955 vyama vidogo vidogo viliungana kuunda Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, TFL, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake. Wenye mashamba ya mkonge waliona kinachokuja. Mwaka 1957 wakaanzisha Baraza la Pamoja la sekta ya mkonge: kila shamba liwe na kamati ya mashauriano, wafanyakazi wachague wenzao, na wawakilishi wakutane na waajiri katika ngazi ya juu kuzungumzia mishahara na hali ya kazi.

Nilipoanza kusoma habari za baraza hilo nilikuwa tayari kulidharau. Lakini hoja iliyo nyuma yake si ya kijinga. Waajiri walisema, kwa maana, kwamba mkata mkonge amsemee mkata mkonge. Kwa nini asemewe na karani wa mjini aliyesoma hadi darasa la nane, ambaye hajawahi kuchomwa na mwiba wa mkonge? Ukipima uwakilishi kwa kufanana, yaani msemaji awe mtu wa aina yako, anayekula unachokula na kulala kambi unayolala, kamati za waajiri zilikuwa na madai mazuri kuliko chama.

Kasoro ilikuwa mahali pengine. Mjumbe wa kamati alichaguliwa na wenzake, lakini kiti alichokalia kilikuwa cha mwajiri. Baraza liliundwa na mwajiri, na mwajiri huyo huyo ndiye aliyempa mjumbe ajira, nyumba na kipande. Wafanyakazi wakikasirishwa na mjumbe wangeweza kumbadilisha mtu, ila hawakuwa na njia ya kulikataa baraza lenyewe. Katika nyumba zetu baraza ni pale nje, kibarazani, mahali ambapo mgeni hukaa bila kuingia ndani. Naona jina lilifaa kuliko walivyokusudia.

Jibu la pili lilikuwa chama. Mwaka 1958, katika shamba la Mazinde mkoani Tanga, wafanyakazi waligoma kwa zaidi ya miezi miwili, na kiini cha mgogoro kilikuwa hicho hicho: tusemewe na kamati ya shamba au na chama chetu? Mgomo ule ulijulikana nchi nzima. Chama cha wafanyakazi wa mashamba makubwa kilikua haraka hadi kuwa kikubwa kuliko vyote ndani ya TFL, na waajiri hatimaye wakalazimika kuzungumza nacho. Kilosa haikuhitaji kuambiwa maana ya mgomo. Ni mji wa reli, na mwanzoni mwa mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, chama chao kikiongozwa na Kasanga Tumbo, waligoma kwa karibu miezi mitatu.

Ningependa kusema kwamba hapa ndipo mkata mkonge alipoipata kauli yake. Ila chama nacho kilikuwa na watu waliosemewa bila kuulizwa. Manamba alikuja kwa mkataba na kuondoka, kwa hiyo makubaliano yaliyosainiwa leo yangemhusu mtu ambaye bado yuko kwao Songea, hajapewa namba. Wanawake walioanika singa na kufanya vibarua vya siku hawakuwa watu wa mbele katika mikutano. Na mishahara ilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa nguvu ya chama na kisha kwa sheria ya kima cha chini, mashamba yalijibu kwa kupunguza watu na kuongeza kazi ya siku. Aliyebaki kazini alipata zaidi. Aliyepunguzwa alikuwa amesemewa na chama hicho hicho.

Basi kufanana hakutoshi, na kuchaguliwa hakutoshi. Hakuna msemaji ambaye kila anayemsemea amemtuma kwa kinywa chake. Tukidai hivyo hatutakuwa na msemaji hata mmoja, na anayefaidika watu wakikosa msemaji anajulikana. Kinachobaki kupimwa ni kama kauli inaweza kurudi kwa mwenyewe. Siku ukisema "hapo sikubaliani na wewe, nirudishie", kuna kitu cha kurudisha? Chama cha mwaka 1958, pamoja na upungufu wake wote, kilikuwa na jibu: mtu aliweza kuacha kulipa ada, kuhama chama, kugoma bila idhini ya viongozi, kupiga kelele mkutanoni. Kauli ilikuwa imeazimwa. Ilichakaa mikononi mwa watu, mpini ukalegea, lakini jembe lilikuwepo.

Jibu la tatu lilitoka kwa serikali, na hapa ndipo swali linapokuwa gumu, kwa sababu waliolitoa hawakuwa wageni.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na nafasi yake ikachukuliwa na Kawawa, yule yule katibu mkuu wa TFL. Mwaka huo huo, chini ya serikali yake, zikapitishwa sheria zilizoubana mgomo kwa kulazimisha usuluhishi, zikavifunga vyama vyote ndani ya shirikisho moja na kuwazuia watumishi wa ngazi za juu serikalini kujiunga navyo. Mwaka huo pia ilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba makubwa na rais wa TFL, alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali pamoja na mwenzake, Shehe Amiri. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 20 Januari 1964, askari waliasi Dar es Salaam. Viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa kwa kushukiwa kushirikiana na waasi. Kabla Februari haijaisha TFL ilikuwa imevunjwa na sheria ikaunda chama kimoja tu cha wafanyakazi, NUTA. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Michael Kamaliza, ambaye wakati huo huo alikuwa Waziri wa Kazi. Ada ikawa inakatwa moja kwa moja kwenye mshahara.

Tafakari nafasi ya Kamaliza mezani. Mfanyakazi akiwa na malalamiko kuhusu sera ya mishahara, katibu mkuu wa chama chake anayafikisha kwa waziri. Haendi mbali.

Sitaki kuiwasilisha hoja ya serikali kwa udhaifu ili niishinde kirahisi. Ilikuwa hivi: nchi hii ni ya wakulima. Wanaolipwa mshahara ni wachache, na wana nafuu kuliko mkulima wa jembe la mkono. Kila wanapojiongezea, gharama inamfikia yeye ambaye hana chama cha kugoma. Chama cha wafanyakazi na chama cha siasa vilipigania uhuru kama mikono miwili ya mtu mmoja, na mikono ya mtu mmoja haipigani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliirudia hofu hiyo kwa uwazi, likionya kwamba mjini kunaweza kumnyonya wa shamba. Naamini wengi wa waliosema hivyo walisema kwa moyo safi.

Shida ni kwamba hoja hiyo haimwoni mtu wa Kimamba. Ilitengenezwa ikimfikiria karani, kuli wa bandarini, fundi wa reli. Mkata mkonge analipwa mshahara, ndiyo, lakini yuko porini kuliko wakulima wengi. Hana shamba lake, hana nyumba yake, na siku yake ya kazi inaweza kufutwa kwa kukosa fungu moja la majani. Na chama kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, ambacho kiongozi wake alipelekwa Sumbawanga, kilikuwa cha watu hao, si cha makarani. Ukimnyamazisha maskini kwa hoja kwamba ana nafuu kuliko maskini mwenzake, unapaswa angalau kuwa umekwenda kuangalia.

Mwenzangu mmoja darasani, ambaye namheshimu kwa ukali wake wa hoja, aliniuliza walipoteza nini hasa. Akahesabu kwa vidole. Malipo ya kumalizia kazi, sheria ya 1962. Likizo yenye malipo. Mfuko wa akiba ya wafanyakazi, 1964. Sheria ya mwaka huo huo iliyomzuia mwajiri kufukuza mtu hovyo na kuweka kamati za wafanyakazi kazini. Mkoloni hakutoa hayo, alisema, na migomo isingeyapata yote. Serikali iliichukua kauli ya wafanyakazi ikawalipa zaidi ya thamani yake. Huo ni wizi gani?

Sikuwa na jibu siku ile, na orodha yake ni ya kweli. Babu alistaafu na fedha za mfuko ule. Ndizo zilizoezeka nyumba aliyofia.

Jibu nililolipata baadaye linaanzia kwenye unga wa Mangi. Unaweza kukopa unga kwa sababu unga una thamani inayoweza kulipwa kwa kitu kingine, na baada ya malipo Mangi hana haja na unga ule ule. Je, kauli ni kitu cha namna hiyo? Wanaosema ndiyo wanadhani kauli ni chombo tu cha kupatia mshahara, likizo na akiba, kwa hiyo vikija vyenyewe chombo hakina kazi. Lakini kauli ndiyo inayosema lini malipo hayatoshi. Ukiimaliza, hata malipo hayapimiki tena, kwa sababu aliyepaswa kusema "hii ni kidogo" au "hii siyo niliyotaka" hayupo. Mkopaji anabaki kuwa yeye mwenyewe wa kukadiria deni lake. Anaweza kuwa mwaminifu sana na kulilipa kwa ukarimu miaka yote. Bado kitabu cha madeni kiko nyumbani kwake.

Mwaka 1964 kulitokea jambo jingine wilayani Kilosa: Mikumi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Tembo wa uwanda wa Mkata akapata sheria ya kumlinda, mipaka, na askari wenye bunduki. Ni jambo jema, na tembo hakuulizwa, wala hakukuwa na haja ya kumuuliza. Naliwaza kila basi linapopunguza mwendo kupita ndani ya hifadhi ile. Mtu naye anaweza kulindwa hivyo, vizuri kabisa, bila kusikilizwa. Ila tembo hajui kwamba kuna kitu kingine cha kutaka zaidi ya ulinzi.

Malipo nayo hayakudumu. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, kiwango ambacho haijakifikia tena. Nyuzi za plastiki zilishusha bei duniani, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000. Sisemi kwamba chama huru kingeiokoa bei ya dunia. Nasema kwamba katika miaka hiyo yote ya kuporomoka, shamba baada ya shamba likigeuka pori, watu wa kambini hawakuwa na mahali pao wenyewe pa kuuliza: tunaachwa vipi, ardhi hii inakuwa ya nani, sisi tulioletwa hapa kwa namba tunakwenda wapi? NUTA iligeuka JUWATA mwaka 1978, jumuiya ya CCM. Sura mpya, kitabu kile kile.

Mfano mkali zaidi uko kusini mwa Mikumi, njia ya Ifakara, ambako mkonge unaisha na miwa inaanza. Mwaka 1986 wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kilombero, wakati huo mali ya umma, walikusanyika kudai malipo yao. Polisi wa kutuliza ghasia wakafyatua risasi na wafanyakazi wakafa. Kiwanda kilikuwa cha umma na serikali ilijiita ya wakulima na wafanyakazi. Chama chao kilikuwa ndani ya chama tawala, na chama tawala ndicho kilichokuwa juu ya serikali. Kwa mujibu wa mpango mzima, watu wale walikuwa wamesemewa kila upande wa meza. Siku walipotaka kusema wenyewe, kauli yao ikaonekana kuwa ghasia.

Hapo ndipo naona tofauti ya kuazima na kukopa si mchezo wa maneno. Anayekurudishia jembe lako anajua siku zote kwamba ni lako. Aliyekopa unga akaula, baada ya miaka ishirini, akikuona umesimama mlangoni unaulizia, anashangaa unataka nini, maana yeye anajua alishakulipa.

Tangu wakati huo mambo yamebadilika. Mwaka 1991 iliundwa OTTU, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 TUCTA, shirikisho la vyama vinavyojitegemea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua haki ya kugoma kwa masharti. Lakini desturi hazifutwi na sheria kwa siku moja. Kila Mei Mosi tunavaa fulana zenye kauli mbiu na kupita mbele ya jukwaa, kisha tunatulia kumsikiliza Rais, tukisubiri neno. Mwaka 2022, Dodoma, neno lilikuwa kwamba lile jambo letu lipo, na watu wakashangilia kabla ya kujua jambo lenyewe ni asilimia ngapi. Jioni, mitandaoni, vijana wa umri wangu wenye shahada waliandika: tutaongezewa. Kitenzi cha babu.

Mwaka jana mtoto wa shangazi yangu, anayekata miwa kwa msimu, alinitumia picha ya fomu kwa simu. Ilikuwa TUF 6, ile ambayo mfanyakazi anajaza kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara wake. Akaandika: "Dada, wewe ndiye msomi wetu. Nijaze au nisijaze? Wengine wanasema hata usipojaza unakatwa."

Wengine hao hawakuwa wamekosea kabisa. Sheria inaruhusu chama chenye wanachama zaidi ya nusu kazini kiwe msemaji pekee, na kikikubaliana na mwajiri, asiye mwanachama naye akatwe ada ya uwakala, kwa kuwa makubaliano yanamnufaisha yeye pia. Hoja yake ni ya haki: usile matunda ya mti ambao wenzako wanaumwagilia. Lakini ni hoja ile ile ya mwenzangu wa darasani kwa umbo dogo. Umenufaika, kwa hiyo umesemewa, kwa hiyo lipa. Naikubali kwa shingo upande, na kwa sharti moja: pawe na mlango.

Mlango upo. Nilikwenda kuusoma mwenyewe. Sheria ile ile inasema aliyejaza fomu anaweza kuiondoa ruhusa yake kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, kwa mwajiri na kwa chama. Ni kifungu kifupi, na sijawahi kusikia kikitajwa jukwaani. Kwangu ndicho kinachotenganisha chama na kile kitu kilichoundwa Februari 1964. Ada ya NUTA ilikatwa, na hii pia inakatwa. Nayo inaweza kuwa na viongozi wavivu, wanaokula chai na meneja, wanaoonekana shambani wakati wa uchaguzi tu. Yote hayo yanavumilika kwa muda, mradi mkata miwa anaweza kuandika mistari miwili na kauli yake ikarudi mkononi mwake, ikiwa kauli ile ile. Na bila shaka ana deni upande wake: jembe lililorudishwa likaachwa kutu ukutani halimsaidii mwenye nalo. Mlango usiotumiwa na yeyote hauwatishi walio ndani. Babu hakuwahi kupewa nafasi ya kuzembea namna hiyo. Sisi tumepewa.

Nilimjibu ajaze. Nikamwambia asiende peke yake, aende na wenzake wa zamu, waulize nani anawasemea na mkutano ni lini. Pamoja na jibu nikamtumia rasimu ya ile notisi ya mwezi mmoja, nakala mbili, bila tarehe, akaihifadhi.

Alicheka kwa sauti ya kurekodi. "Dada, yaani siku ya ndoa unanipa na talaka?"

Nikamwambia ndiyo, aiweke vizuri.